Mbuzi Hatalala Kwetu

Mgeni aliingia uani wakati Violeth amesukwa nusu ya kichwa.

Upande wa kulia mistari ilikuwa imekwisha, imelala vizuri, imekazwa mpaka jicho limevutika. Upande wa kushoto nywele zilisimama kama manyasi ya kiangazi, zikingoja zamu yao. Shangazi Anjelina alikuwa amembana kichwa katikati ya magoti, rasta za kusukia zimetundikwa kwenye kiti cha plastiki pembeni, na mdomo wake ulikuwa unakwenda kasi kuliko vidole.

"Digrii unayo. Sura unayo, umerithi kwangu. Kinachokosekana ni akili. Wenzako wanatafuta kazi na waume, wewe unatafuta watoto wa watu wasiokunywa maziwa."

"Shangazi, unaniumiza."

"Kujitolea kunaumiza zaidi, subiri. Utajitolea mpaka lini?"

Swali hilo Violeth alilizoea kama anavyozoea mluzi wa treni mtu anayekaa Ihumwa. Tangu alipomaliza chuo, yeye na wenzake wachache walikuwa na kikundi walichokiita Jirani. Jumamosi waliwasomesha watoto chini ya kibanda cha kanisa. Siku nyingine walizungukia nyumba zenye watoto dhaifu, na nyumba iliyohitaji sana walikuwa wakiitafutia mbuzi wa maziwa. Masharti yalikuwa mepesi: maziwa wanywe watoto, na mbuzi akizaa jike, mtoto huyo akikua apelekwe kwa familia nyingine yenye shida. Hakuna fedha iliyopita mkononi mwa mtu. Kilichopita ni kamba tu, kutoka mkono hadi mkono.

Na safari hii mbuzi alikuwa anatoka Bahi, kwa mama mmoja aliyesaidiwa zamani. Alitarajiwa Jumamosi. Angekwenda kwa Jaha, mtoto wa kike wa miaka sita aliyekaa ng'ambo ya reli na mama yake, mwenye miguu myembamba kama miwa iliyokosa mvua. Jaha alikuwa amekwisha kuahidiwa vitu vingi na watu wengi wenye magari mazuri. Ndiyo maana Violeth alipomwambia habari za mbuzi, yule mtoto alimtazama tu, kisha akauliza, "Atakuja kweli, au atakuja kesho?"

Violeth alichuchumaa akamshika mikono. "Siku atakayofika Ihumwa, Jaha, kwetu hatalala hata usiku mmoja. Siku hiyo hiyo nakuletea."

"Hata ukichoka?"

"Hata nikichoka."

Ahadi ndogo ya kawaida. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba ingemgharimu kichwa.

Nje kulinguruma guta, ile pikipiki ya matairi matatu ya kubebea mizigo. Ikazima. Sauti ya mwanamume ikabisha hodi.

Chini ya mwarobaini, baba yake Violeth, Mzee Seth, alijiinua kwenye kiti chake cha kamba. Alikuwa amestaafu reli miaka mingi, lakini mpaka leo aliposimama alinyoosha shati kana kwamba anapokea treni.

"Karibu, pita ndani."

Akapita kijana mrefu, kofia ya kitambaa kichwani, vumbi la barabara ya Bahi limempaka mpaka kwenye kope. Mkononi alishika kamba. Kwenye kamba kulikuwa na mbuzi mweupe, mnene, wa maringo, na shingoni mwa mbuzi kulikuwa na kitenge kipya kilichofungwa fundo kama ua.

Shangazi Anjelina aliachia kichwa cha Violeth.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Wamejibu."

"Nani wamejibu?"

"Bahi! Si nilikwambia nilipokwenda msibani niliacha neno kwa wale ndugu zetu? Niliwaambia tuna binti hapa, msomi, mkimya. Waangalie kijana. Sasa tazama! Hawakupiga hata simu. Hao ndio watu wa heshima."

"Shangazi, yule ni mbuzi wa..."

"Ingia jikoni! Unataka akuone hivyo, upande mmoja harusi, upande mwingine msiba?"

Violeth alisukumwa jikoni kabla mgeni hajageuka upande wao. Shangazi akasimama mlangoni, na mwili wa Shangazi ukisimama mlangoni hata moshi hutafuta dirisha. Violeth naye akalifuata dirisha. Lilikuwa dogo, la nondo, lakini lilitosha jicho.

Kijana alikuwa ameinama akimsalimia baba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbukwenyi."

"Mbukwa, baba."

Salamu ya Kigogo ilitoka vizuri kinywani mwake, bila kujikakamua. Mzee Seth akatabasamu. Akamvutia kigoda, akaagiza maji, akamwuliza habari za safari, za mvua, za majaruba ya mpunga, za wazee. Kwa desturi yao mgeni haulizwi shida yake mlangoni, na mgeni mwenye adabu haisemi mpaka amekunywa maji. Wote wawili walikuwa na adabu sana, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Naitwa Eliakimu," kijana alisema aliporudisha kikombe. "Nimetumwa na mama yangu, na wazee wa kwetu wamebariki. Nimlete huyu kwa Violeth. Walisema nikifika Ihumwa niulize nyumba ya Mzee Seth wa reli, kila mtu anaijua."

Mzee Seth alimtazama mbuzi, akakitazama kitenge, akamtazama kijana. Violeth alimwona baba yake akitafuta leso mfukoni na kuikosa.

Ilikuwa miezi sasa tangu wastaafu wenzake waanze kumtania kibarazani. Seth, binti yako bado analea watoto wa wenzake? Seth, digrii hiyo inakamuliwa? Alicheka nao, kisha alirudi nyumbani akanyamaza. Violeth aliujua ukimya ule. Tangu mama afariki, baba hakuwa na kitu kingine cha kujivunia ila yeye.

"Umelelewa, kijana," Mzee Seth alisema taratibu. "Sasa niambie. Unafanya kazi gani?"

Eliakimu alikaa sawa. Ilionekana alidhani huyu ndiye mwenyekiti wa kikundi, na kwamba anapimwa.

"Nimesomea mifugo, mzee. Ajira bado. Kwa sasa najitolea. Nazungukia nyumba zenye watoto, nawafundisha kutunza mbuzi, nawatibu wakiumwa."

Uso wa Mzee Seth ulishuka.

"Na wewe unajitolea?"

"Ndiyo, mzee."

"Ee Mungu," Mzee Seth aliuambia mwarobaini. "Wamekutana."

Jikoni, Violeth alisahau kwamba shingo inamuuma. Alikuwa hajawahi kumsikia mtu akilitamka neno lile hivyo, kifua mbele, bila kuomba radhi. Yeye mwenyewe kila alipolisema aliinamisha macho. Alisogea karibu zaidi na nondo, shavu likagusa chuma. Kijana alikuwa na kovu dogo kwenye kidevu, na alipokuwa akizungumza mkono wake ulikuwa unamkuna yule mbuzi nyuma ya sikio bila yeye kujua.

"Unakunywa?" Mzee Seth aliendelea.

"Chai, mzee."

"Unasali?"

"Nasali, mzee." Kijana akasita kidogo. "Samahani, haya maswali mnawauliza wote wanaoleta?"

"Kwani unadhani wameleta wangapi?" Mzee alifoka. "Wewe ndiye wa kwanza!"

Juu ya ukuta wa matofali kikachomoza kichwa cha jirani, Mzee Wambura, mstaafu mwenzake, mtu wa Mara aliyehamia Dodoma na reli na kubaki na sauti yake ya kwao.

"Seth! Nimeona mbuzi. Ni mmoja, au macho yangu?"

"Wambura, huyu ni wa kufungulia mlango."

"Kwetu kwa mbuzi mmoja unafunguliwa mbwa."

Eliakimu aliinuka kwa heshima. "Shikamoo, mzee. Ni kweli ni mmoja, lakini wengine watakuja. Akishazaa tutaleta, ndio utaratibu wetu."

Mzee Seth alipaliwa.

"Akishazaa? Huko Bahi siku hizi mnatoa mkishaona mtoto?"

"Ndiyo, mzee, na akiwa jike ndio vizuri zaidi."

"Mimi nakuja huko," Wambura alisema, na kichwa kikatoweka ukutani. "Hili si la kusikiliza kwa umbali."

Violeth aliziba mdomo kwa kanga. Alitaka kulia, kicheko kikamtoka kupitia puani.

"Shangazi, nipishe. Yule kijana hakuja kuposa. Yule mbuzi ni wa kikundi, ni wa Jaha. Nipe simu yangu, lazima walipiga."

Shangazi Anjelina aligeuka. Aliitoa simu kifuani, alikoificha ili binti atulie asukwe. Kweli, kulikuwa na namba ngeni iliyopiga tena na tena. Shangazi aliitazama kwa muda. Halafu akafanya jambo ambalo Violeth hakulitegemea: aliirudisha simu kifuani.

"Mtazame baba yako," alisema kwa sauti ya chini.

Violeth alitazama. Mzee Seth alikuwa amepata leso yake. Alikuwa anajifuta macho akijifanya ni vumbi.

"Nyamaza tu," Shangazi alibembeleza. "Mpaka kesho. Mtoto atatafutiwa mbuzi mwingine. Mume hatafutwi na kikundi. Na huyu kijana, usinifiche, nimekuona ulivyoshika hizo nondo."

Joto likampanda Violeth usoni. Alikuwa ameonekana. Na ubaya ni kwamba maneno ya Shangazi yalimwingia. Akinyamaza, baba angelala na furaha leo. Akinyamaza, kijana mwenye kovu kidevuni angerudi, angeitwa, angeulizwa, na nani ajue mambo yangeishia wapi? Akisema, baba angeaibika mbele ya Wambura, na Eliakimu angepanda guta akicheka mpaka Bahi. Usiku mmoja tu. Mbuzi alale hapa usiku mmoja.

*Atakuja kweli, au atakuja kesho?*

Nje, Eliakimu alikuwa akisimama. "Mzee, kwetu tuna kawaida. Anayepokea anapokea kamba kwa mikono yake mwenyewe. Naomba nipige na picha, mama aone amefika."

Mzee Seth alivua kofia. Alinyoosha mikono yote miwili, akapokea kamba kama mtu anayepokea mtoto wa kubatizwa. Simu ikapiga picha. Na Shangazi Anjelina, aliyekuwa ameyangoja haya tangu Violeth avunje ungo, akashindwa kujizuia. Alipiga kigelegele kilichovuka ukuta, kikavuka njia, na kikajibiwa na wanawake wa gengeni.

Eliakimu alishtuka. "Kuna nini?"

Mbuzi alishtuka zaidi. Aliruka, akamponyoka Mzee Seth, akazunguka mwarobaini, akamkwepa Wambura aliyekuwa anaingia getini, kisha akasimama kwenye kiti cha plastiki. Akanusa. Akaanza kula rasta.

"Madamu!" Eliakimu alimpigia mbuzi kelele, kwa jina lake. "Madamu, tema! Zitamziba tumbo!"

Alimrukia, akambana shingo kwapani, akaingiza vidole mdomoni mwake na kuanza kuvuta. Rasta zikaja. Zikaendelea kuja, nyeusi, ndefu, zinateleza mate, kama anavuta kamba kutoka kisimani.

Shangazi alikuwa ametoka mlangoni mbio. Mlango ulikuwa wazi.

Violeth akatoka.

Eliakimu alipoinua macho alimkuta binti amesimama mbele yake, upande mmoja amesukwa, upande mwingine nywele zimetawanyika juani kama mwanga. Yeye amepiga magoti mavumbini, mbuzi kwapani, mkononi ameshika nywele zilizolowa. Walitazamana. Hakuna aliyeona aibu kwanza. Aibu ilichelewa, kama imepata pancha njiani.

"Nadhani," Eliakimu alisema polepole, "hizi ni zako."

"Zilikuwa zangu."

"Wewe ndiye Violeth."

"Nusu yake."

Eliakimu alicheka. Lilikuwa cheko la mtu aliyepata alichokuwa hajui anakitafuta, na Violeth aliliweka moyoni haraka, kwani alijua akisema atalipoteza. Akageuka kwa baba yake kabla ujasiri haujaisha.

"Baba, naomba unisamehe mbele ya Mzee Wambura. Huyu hakuja kuposa. Huyu ni mbuzi wa kikundi chetu, ametoka kwa familia iliyosaidiwa, anakwenda kwa mtoto Jaha ng'ambo ya reli. Nilimwahidi akifika hatalala kwetu."

Hata mbuzi aliacha kutafuna.

Mzee Seth alivaa kofia yake. Aliivaa taratibu, akaiweka sawa, kana kwamba ndilo jambo pekee lililobaki mikononi mwake.

"Kijana. Ni kweli?"

Eliakimu alisimama, vumbi magotini. Sasa alikuwa ameelewa yote, kuanzia maswali mpaka kigelegele, na rangi ilikuwa imempotea.

"Ni kweli, mzee. Nilidhani wewe ni mwenyekiti."

"Mwenyekiti wa nini?"

"Wa mbuzi."

Wambura alikohoa kikohozi kisichokuwa cha mafua.

"Hukuja kumposa binti yangu?"

"Mzee, nilikuwa sijamwona." Eliakimu alimtazama Violeth, akayatoa macho, akayarudisha. "Ningekuwa nimemwona, ningekuja na mbuzi wangu mwenyewe. Huyu si wangu. Kuposa na mbuzi wa mtoto mgonjwa, hata wewe usingenipa."

Shangazi Anjelina alikaa chini, juu ya kiti kisicho na rasta.

Lakini Mzee Seth alikuwa ameumia, na mtu aliyeumia hasikii utamu wa maneno. Aliokota kamba iliyokuwa ikiburuzika, akaizungusha kiganjani mara mbili.

"Kamba hii nimeipokea kwa mikono yangu. Wambura ameona, na majirani wamepiga vigelegele. Nikiitoa leo, kibarazani nitapita na uso gani? Mbuzi atalala hapa. Jumamosi nitaita wazee, nitawaeleza polepole, aondoke kwa heshima."

"Baba, Jumamosi ni mbali."

"Mtoto atangoja. Watoto huwa wanangoja."

"Huyu amengojeshwa na watu wengi, baba. Sitaki kuwa mmoja wao."

"Violeth, usinitie aibu mara mbili kwa siku moja."

Machozi yalimlenga. Hakuwahi kubishana na baba mbele za watu. Akamsogelea, akasema kwa sauti ambayo aliikusudia iwe ya wawili, ingawa wote waliisikia.

"Ulipokuwa reli, treni mliyowaambia watu inakuja, ilikuwa inafika?"

Mzee Seth alitazama pembeni. "Ilichelewa."

"Siku nyingine ilichelewa mpaka asubuhi!" Wambura aliongezea. "Mimi nilikuwa kituoni, nilitukanwa na abiria wa kila kabila."

"Lakini ilikuwa inafika, baba? Au mlikuwa mnawaambia waliokaa na watoto na mizigo, nendeni nyumbani, tumebadilisha mawazo?"

Mbali, treni ya umeme ilipita na mvumo wake mwembamba, na Mzee Seth aliisikiliza mpaka ikaisha, kama anavyoisikiliza kila siku, kwa wivu.

"Ilikuwa inafika," alisema hatimaye. "Usiku kucha nilisimama na taa mpaka ikafika."

"Basi niache na mimi nifike."

Mzee alimtazama binti yake, kile kichwa nusu, yale macho ya mama yake. Akapumua kwa nguvu.

"Siachii kamba," alisema. "Niliyoipokea kwa mkono wangu naitoa kwa mkono wangu. Twende. Anjelina, funga mlango."

"Na hicho kichwa?" Shangazi alilia. "Atapitaje Ihumwa na hicho kichwa? Rasta zenyewe zimelambwa!"

Hapo Eliakimu alivua kofia yake, akaipiga pajani vumbi likatoka, akamnyooshea Violeth. Ilinuka mbuzi. Violeth aliivaa. Ilimfika kwenye nyusi, na kwa namna fulani aliyoshindwa kuieleza, alijiona amependeza.

Dereva wa guta alikuwa amechoka kungoja na kuondoka na abiria wa magunia. Wakatembea. Mbele Mzee Seth na kamba, mgongo umenyooka. Nyuma yake Madamu, kitenge shingoni. Kisha Violeth na Eliakimu, wameachana hatua kwa adabu. Na nyuma kabisa Wambura, ambaye hakualikwa.

Habari ilikuwa imewatangulia. Gengeni wanawake walisimama.

"Hongera, mzee! Hongera, Violeth!" Vigelegele vikapanda.

"Wanakupongeza," Eliakimu alinong'ona. "Unajibu nini?"

"Sijui. Wewe unajibu nini?"

"Mimi nasema asante. Sijawahi kupongezwa hivi tangu nizaliwe."

Violeth aliinamisha kofia ili kicheko kisionekane. Kila hongera ilimchoma, kwani kesho angerudi njia hii hii kuwaambia mmoja mmoja kwamba haikuwa kweli, na wangemcheka mpaka Krismasi. Hata hivyo alitamani njia iwe ndefu.

Kibarazani wastaafu walikuwa kwenye bao. Mmoja aliinua kichwa.

"Seth! Mbuzi wa posa huwa anaingia. Wako mbona anatoka?"

Mzee Seth hakusimama, wala hakugeuza shingo.

"Huyu si wa posa," alijibu, kwa sauti ya kituoni, kila mtu asikie. "Ni wa mtoto anayehitaji maziwa. Binti yangu aliahidi. Mimi nasindikiza."

Nyuma yao mtu mmoja aliguna, mwingine akaanza kucheka. Sauti ya Wambura ikawafikia: "Chekeni. Mwenye binti wa namna hiyo kati yenu anyooshe mkono." Bao likaendelea kimya.

Jaha alikuwa amekaa juu ya tofali, mbele ya kibanda walichokijenga yeye na mama yake kwa miti na chandarua kibovu. Ndani yake majani yalikuwa yamekaukia, kwani alikuwa akiyakata kila siku, siku zote alizokuwa akingoja. Alipomwona mbuzi hakukimbia. Alisimama tu, mikono nyuma, kama mtu anayeogopa kitu kikiguswa kitatoweka.

Mama yake, mtu wa Chemba, alitoka ndani akajishika mdomo, akasema na mwanawe kwa lugha yao yenye vidoko vya ulimi. Jaha akajibu, kisha akamgeukia mbuzi na kumwita kwa kidoko kimoja kidogo. Madamu, aliyewadharau wote tangu Bahi, akainua masikio.

Mzee Seth alipiga goti moja, jambo lililompa shida. Akafungua kiganja. Kamba ilikuwa imeacha alama nyekundu.

"Shika, bibi. Mikono miwili."

Jaha alishika. Akamtazama Violeth.

"Atalala hapa?"

"Atalala hapa."

"Leo?"

"Leo hii."

Mtoto alifikiri. "Dada Violeth, mbona umevaa kofia ya mwanamume?"

"Ni habari ndefu."

"Itakuwa ndefu zaidi," Wambura alisema.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya vilima. Eliakimu alikuwa akimwonyesha mama Jaha namna ya kukamua, lakini macho yake yalikuwa yanarudi upande wa kofia yake kila mara, na kofia haikuwa inakwepa. Mzee Seth, aliyekuwa akijipangusa goti, aliyaona yote mawili.

"Kijana, magari ya Bahi yamekwisha. Utalala wapi?"

"Nina rafiki mtaa wa Kikuyu, mzee."

"Mbuzi hakulala kwangu, na wewe hulali kwangu." Mzee alinyoosha shati. "Lakini chai unakunywa, ulisema mwenyewe. Na siku ukirudi na mbuzi, sema kwanza wa nani, ndipo nipokee."

"Nitasema, mzee," Eliakimu alijibu, akimtazama Violeth. "Nitasema getini kabisa, kabla ya maji."

Violeth alikuwa anatazama kibandani, ambako Madamu alinusa majani makavu, akakunja miguu ya mbele, kisha ya nyuma, na kujilaza chini kwa maringo yake yote.

Jaha aliweka kidole mdomoni akiwanyamazisha wakubwa.

"Shhh," alisema. "Amelala."